Ijaza ya Mwenye Kuisemea Ardhi

Mjomba wangu, aliyekuwa karani bandarini Mombasa kwa miaka 30, na ambaye kwa kiinua mgongo chake alijinunulia shamba huko bara ya Kilifi kwa nia ya kuumalizia umri wake baina ya minazi na mbuzi, alijiwa asubuhi moja na vijana wawili waliopanda gari safi, wakiwa na vigingi vinne vya chuma, mabunda ya waya, na kijisanduku chenye kioo cha kusomea tarakimu. Vigingi wakavikita ardhini kwa mstari mmoja, wakapitisha umeme baina yake, wakavisogeza mbali zaidi, wakapitisha tena, wakaandika. Na hata adhuhuri walikuwa wamekwisha kunywa madafu yao na kuaga. Baada ya juma moja zikaja karatasi mbili zenye michoro ya rangi na maneno ya Kiingereza, ambayo mjomba, aliyesoma barua za meli maisha yake yote, aliyasoma bila taabu: maji yapo, mita 70 chini, na ni mengi. Mtambo wa kuchimbia, wa kampuni ile ile, ukaletwa. Kwenye mita 94 maji yakapanda kweli kweli, kwa nguvu iliyowafanya wanawake wapige vigelegele; kisha akaletwa mbuzi, akanusa, akageuza kichwa. Yalikuwa maji ya chumvi, wala si chumvi ya kuvumilika kama ile ya baadhi ya visima vya mjini ambayo mtu huizoea, bali chumvi iliyokausha miche yote ya nyanya kabla ya Ijumaa ya pili.

Sikuja kuwashtaki vijana wale. Jina la kampuni yao silitaji, na huenda wao wenyewe hawakukusudia hadaa. Nimeyaleta masaibu ya mjomba kwa sababu nilipomsimulia rafiki yangu mmoja aliyesomea elimu ya miamba, hakuhitaji hata kuiona karatasi ili alitambue lililotokea. Kijisanduku kile, alinieleza, hakipimi maji. Hupima jinsi ardhi inavyoukataa au kuukubali umeme. Mwamba mkavu huukataa sana, mchanga uliolowa maji baridi huukataa kiasi, ama udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi, vyote viwili huupitisha kwa wepesi. Basi tarakimu ndogo ikitokea kwenye kioo, yaweza kuwa bishara ya maji ya kunywa, na yaweza kuwa bishara ya chumvi au ya udongo mtupu, na sanduku lenyewe halina uwezo wa kupambanua. Apambanuaye ni mtu anayejua kwamba nyuma ya ukanda wa matumbawe wa pwani yetu imelala miamba laini ya rangi ya majivu, iliyolazwa tabaka juu ya tabaka chini ya bahari ya zama za Jurasi, na kwamba maji yaliyomo katika miamba hiyo aghalabu ni ya chumvi. Mwenye kulijua hilo angaliziona tarakimu zile zile walizoziona wale vijana, naye angalimwambia mjomba azuie fedha yake.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji. Seremala akikuuzia mlango, utaugonga kwa kidole usikie kama mbao zake zimekauka. Fundi cherehani akikushonea kanzu, kioo kitamsuta siku ile ile. Mjiolojia huuza kauli, na kauli yake ni habari ya mahali ambapo mnunuzi hawezi kufika, wala jirani yake, wala hakimu atakayewaamua. Na itakapodhihiri kuwa ilikuwa ya kweli au ya kubahatisha, fedha imekwisha kutumika, au nyumba imekwisha kujengwa, au bwawa limekwisha kujaa. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba kila mtu anayetoa kauli ya namna hiyo kwa ujira, ambayo kwayo mtu mwingine ataitia mali yake au roho yake katika hatari, ni sharti awe na leseni, tena sharti la sheria na si la hiari ya mwenye kupenda, na leseni hiyo iwe ya jina lake mwenyewe, isiwe ya kampuni yake wala ya mashine yake.

Fikira hii si ngeni katika nchi zetu. Mwanafunzi aliyekaa mbele ya shekhe wake Lamu au Mombasa hakuthubutu kukisomesha kitabu kwa sababu tu amekimaliza. Alingoja ijaza, na katika ijaza lilitajwa jina la mwalimu, na la mwalimu wa mwalimu, silsila ikipanda hata kwa aliyekitunga, ili mwenye kulisikia neno ajue limepitia mikono ya nani. Na nahodha wa chombo kigeni, hata awe ameikata bahari kuu mara mia, akifika kwenye mlango wa bandari asiyoijua hupandishiwa rubani. Nikitafuta katika kazi za wahenga wetu iliyo mfano wa kazi ya mjiolojia, sipati iliyo karibu zaidi ya urubani, kwa kuwa wote wawili huulizwa habari za mwamba usioonekana, na wote wawili wakikosea, azamaye si wao peke yao.

Wako watakaostaajabu kusikia kwamba katika Kenya sheria ya jambo hili ipo, na ina umri wa zaidi ya miaka 30. Bunge liliipitisha Sheria ya Usajili wa Wajiolojia mwaka 1993, nayo ni Sura ya 535 katika sheria za nchi. Kwa sheria hiyo ikaundwa Bodi yenye kuweka daftari la waliosajiliwa. Nigeria ilikuwa imetangulia mwaka 1990 kwa kuunda baraza la wahandisi wa migodi na wajiolojia, na Afrika Kusini mwaka 2003 ilitunga sheria inayowaweka wanasayansi wa maumbile, wajiolojia wakiwamo, chini ya baraza moja. Basi swali langu si kama sheria ya namna hii inafaa kutungwa. Swali ni kwa nini mjomba, ambaye gazeti halimpiti hata siku moja, hakuwahi kusikia kwamba ipo, na kwa nini vijana wale hawakufanya kama watu wanaoiogopa.

Thamani ya jina la mtu chini ya karatasi wenzetu wa Kanada waliijua kwa hasara kubwa. Katika miaka ya 1990 kampuni ndogo ya mji wa Calgary, iliyoitwa Bre-X, ilitangaza kwamba katika msitu wa Busang, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, imepata dhahabu, na kila tangazo jipya likaizidisha ile ya tangazo lililopita, hata mwanzoni mwa 1997 ikasemwa kuwa ni wakia milioni 70 na zaidi. Hisa zilizokuwa zikiuzwa kwa senti chache zikapanda hata thamani ya kampuni nzima ikapita dola za Kanada bilioni 6. Naye aliyeisimamia kazi ya msituni, Michael de Guzman, alikuwa mjiolojia kwa elimu na kwa kazi, hakuwa ayari wa sokoni. Jambo ambalo wenye kudhani kuwa shahada ya chuo peke yake ni dhamana ya kutosha wangefanya vema kulitia moyoni.

Desturi ya watafutaji wa madini ni hii: keekee hutoa chini kipande cha mwamba cha mviringo, kirefu mithili ya muwa, kipande hicho hupasuliwa kwa urefu, nusu moja ikasagwa na kupimwa, nusu ya pili ikawekwa ghalani, ili mwenye shaka akija siku yoyote aikute. Busang kipande kizima kilisagwa, isibaki nusu ya kushuhudia. Katika ule unga ndimo ilimotiwa dhahabu iliyotoka kwingine. Kampuni ya Freeport-McMoRan, iliyotaka kuingia ubia, ilipochimba matundu yake kando ya yale ya kwanza haikupata kitu cha kutajika. Tarehe 19 Machi 1997 de Guzman akaanguka kutoka helikopta iliyokuwa ikipita juu ya msitu. Na mwezi wa Mei wakaguzi waliotoka nje ya kampuni wakatoa taarifa kwamba udanganyifu wa kiasi kile hawakuujua mfano wake katika tarikhi ya uchimbaji wa madini. Hisa zikawa karatasi. Waliopoteza hawakuwa matajiri wa kucheza na bahati peke yao; miongoni mwao ulikuwamo mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario, yaani akiba ya watu mfano wa mjomba, waliofanya kazi miaka yao yote na kumwamini mwingine awatunzie.

Jawabu la Kanada ndilo ninalolipenda, kwa maana halikuwa la kuwafungia watu misitu. Mwaka 2000 jimbo la Ontario likatunga sheria ya kuwasajili wajiolojia, na tangu Februari 2001 masoko ya hisa ya nchi ile yakafungwa na kanuni ijulikanayo kwa namba yake, 43-101, isemayo kwamba habari za madini zinazotangazwa kwa wanunuzi ni lazima ziandaliwe au zisimamiwe na mtu anayestahili: mhandisi au mjiolojia mwenye uzoefu usiopungua miaka 5, aliyemo katika jumuiya ya taaluma yenye mamlaka ya kumwadhibu, na ambaye jina lake linatajwa. Hata kwenda kupaona mahali penyewe kwa macho kumetiwa katika kanuni, jambo ambalo mtu angalidhani halihitaji kuandikwa. Na kwa kuwa kampuni kadhaa zinazochimba Tanzania na Kongo huuza hisa zake Toronto, nazo huandika taarifa zake chini ya kanuni hiyo. Hivyo mwenye kununua hisa kule, akinywa kahawa yake kwenye baridi, anaweza kulisoma jina la aliyeisemea dhahabu ya Bulyanhulu, ilhali mwenye shamba Kilifi halijui jina la aliyekisemea kisima kilicho hatua 50 kutoka mlangoni pake.

Walakini nisije nikaonekana nauza leseni kama hirizi. Nchi ya Italia ilitunga sheria ya kulilinda jina na kazi ya mjiolojia tarehe 3 Februari 1963. Na tarehe 9 Oktoba ya mwaka ule ule, usiku, ubavu wa mlima Toc uliporomoka ndani ya bwawa la Vajont, kiasi cha mita za ujazo milioni 270 za mawe na udongo kwa mara moja, maji yakaruka juu ya ukuta na kuufagia mji wa Longarone na vijiji vilivyo jirani, wakafa watu wapatao 2,000. Ukuta wenyewe haukuvunjika, na umesimama hata leo, ukiwa ushahidi wa ustadi wa wahandisi waliojua kila kitu kuhusu saruji. Lenye kuuma zaidi ni kwamba habari ilikuwa imekwisha kusemwa. Mjiolojia kijana, Edoardo Semenza, ambaye baba yake Carlo ndiye aliyelisanifu bwawa, alitumwa mwaka 1959 kuuchunguza mlima, akaona alama za poromoko kubwa la kale lililolala pale likingoja, naye hakuficha. Wakubwa wa taaluma wakatia shaka, na kampuni ikaendelea kuyapandisha maji na kuyashusha, ikidhani kwamba mlima unaotambaa waweza kuongozwa kama farasi kwa hatamu.

Nimelifikiri sana jambo la kijana yule. Elimu hakuikosa, wala uaminifu, na tusisahau kwamba aliyempelekea habari ile mbaya alikuwa mzazi wake. Alichokosa ni mamlaka ya kalamu. Kauli yake ilikuwa ushauri kati ya ushauri mwingi, wenye kazi yao wakachagua uliowapendeza, na kazi ikaenda mbele. Lau sheria ya nchi ingalisema kwamba maji hayatapanda hata mita moja bila sahihi ya mjiolojia aliyesajiliwa, mwenye kujua kwamba kwa sahihi ya uwongo jina lake litafutwa na asile tena kwa kazi ile, siwezi kuapa kwamba watu wa Longarone wangaliokoka. Ila angalau angalitafutwa mtu wa kuitia sahihi hiyo, na huyo mtu angalilazimika kulala nayo usiku.

Kwa sababu hii naona kwamba wanaoitetea leseni kwa hoja ya kumlinda mnunuzi husema nusu ya maneno. Leseni humlinda mjiolojia mwenyewe, hasa yule mdogo, aliyetoka chuoni juzi akaajiriwa na wenye mtambo, ambaye bwana wake hulipwa kwa kila mita inayochimbwa, maji yawe baridi, yawe chumvi, yawe hayapo kabisa. Kijana huyo akisema "hapa tusichimbe", amemnyima bwana wake mkate. Na asipokuwa na kitu cha kukishikilia, atasema mara moja, atakaripiwa, na mara ya pili atanyamaza. Akiwa na leseni anaweza kusema, bila ushujaa wowote, kwamba sheria haimruhusu. Mwajiri anaweza kumfukuza, lakini leseni hakumpa yeye, wala hawezi kumnyang'anya.

Watakaopinga nawajua, na baadhi yao wana insafu. Husema kwamba kila leseni duniani ina tabia ya kugeuka ukuta: waliotangulia kuingia huufunga mlango nyuma yao, hupandisha ada, huongeza mitihani, na mwisho wake huduma huwa ya matajiri peke yao, na maskini hubaki na mchimbaji wa gizani zaidi kuliko awali. Hofu hii si ya kudharauliwa. Tumeviona vyama vya taaluma vinavyokutana hotelini mara nne kwa mwaka na kufikiri kuwa hiyo ndiyo kazi. Ila dawa ya mlango unaobana si kuung'oa nyumba ikakaa wazi. Ni kuupanua, ada ikawa ya kumudiwa na kijana aliyemaliza chuo mwaka jana, mtihani ukawa wa kazi na si wa kukomoana, na katika Bodi wakakaa pia watu wasio wajiolojia, mathalani mwanasheria, mhandisi, na, kwa nini isiwe, mkulima aliyewahi kuchimbiwa kisima.

Wengine husema, mnunuzi na muuzaji ni watu wazima, na waachwe wapatane. Akidanganywa leo, kesho atafumbua macho. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hasara ingebaki baina ya wawili. Katika mji uliojengwa juu ya matumbawe au mchanga, kama ilivyo miji yetu mingi ya pwani, maji baridi ya mvua hukaa chini ya ardhi yakielea juu ya maji mazito ya bahari, na hesabu yake ni ya kutisha: kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kiasi cha mita 40 zimelala chini yake, na kwa kipimo hicho hicho mwenye pampu akiyashusha maji hayo kwa mita 1, chumvi huanza safari ya mita 40 kuja juu. Watu wa Lamu, ambao maji yao yatoka katika visima vya machuguu ya mchanga ya Shela, hawahitaji kuelezwa maana ya hesabu hii. Mtu mmoja mwenye hoteli na kisima kirefu kilichopimwa na asiyejua huwaharibia visima mtaa mzima, na wale majirani hawakupatana na mtu, wala hawakuulizwa.

Ama pingamizi la tatu ni la kina zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Sheria isije ikayafanya maarifa ya ardhi kuwa mali ya wenye muhuri. Mzee asomaye mkuyu na kichuguu, akamwonyesha jirani yake mahali pa kuchimba bila kutoza senti, asibughudhiwe. Mwalimu asiombwe leseni ili awaambie watoto kwa nini Mzima, inakotoka sehemu ya maji ya Mombasa, hutoa maji wakati wa kiangazi: kwamba mvua huinyeshea milima ya Chyulu, ikanywewa na majivu na miamba ya volkano, ikasafiri chini kwa chini hata chemchemini. Na mwenye kutafiti asizuiliwe kubishana. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mkubwa ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na kwa siku chache dunia nzima ikatangaziwa kwamba Afrika inapasuka mbele ya macho yetu. Wajiolojia wengine wakasimama wakasema, la hasha, Bonde la Ufa hupanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, na kilichoonekana ni mvua kuyafagia majivu ya volkano yaliyokuwa yameujaza ufa wa zamani. Ubishi ule ulikuwa wa manufaa, nao ungalikufa kama kila msemaji angaliulizwa kwanza namba ya usajili. Lakini serikali inapoamua barabara ijengwe upya pale pale au ihamishwe, na magari ya abiria yapite juu yake, hapo si ubishi tena. Hapo nataka jina.

Kuna hofu moja zaidi, ambayo hutoka kwa wajiolojia wenyewe, nayo ni kwamba jina likiisha kuandikwa, kila kosa litakuwa jinai. Italia imewapa sababu ya kuogopa. Baada ya tetemeko la L'Aquila la Aprili 2009 lililoua watu zaidi ya 300, mahakama mwezi wa Oktoba 2012 iliwahukumu watu 7, wanasayansi na ofisa wa serikali, kifungo cha miaka 6 kila mmoja kwa kauli walizozitoa kabla ya siku ile. Ikabidi mahakama ya rufaa, Novemba 2014, iwaachie huru 6 kati yao. Ardhi haitoi ahadi, na mjiolojia mwaminifu hukosea, kama tabibu mwaminifu anavyofiwa na mgonjwa. Hii ndiyo sababu ya kutaka baraza la watu wa taaluma lihukumu kabla ya polisi, kwa kuwa wao ndio wawezao kupambanua kati ya aliyepima kwa adabu akakosea, na aliyekaa chini ya mwembe akaandika tarakimu za kubuni. Na ili waweze kupambanua, kanuni iamrishe kwamba tarakimu zote zilizosomwa shambani zihifadhiwe na nakala apewe mwenye shamba, iwe kwetu badala ya ile nusu ya mwamba ambayo Busang haikubaki.

Haya ninayoyaomba hayahitaji sheria mpya hata moja, isipokuwa labda marekebisho ya mistari michache. Daftari la waliosajiliwa libandikwe mahali ambapo mwananchi hufika, katika ofisi ya chifu na katika ofisi ya maji ya kaunti, likiwa kwa Kiswahili, nalo lifanywe upya kila mwaka. Kila taarifa inayoombewa kibali cha kuchimba iwe na jina kamili la mtu, namba yake, na muhtasari wa Kiswahili usemao waziwazi si tu kwamba maji yapo, bali ni maji ya namna gani yanayotarajiwa, na shaka ni kiasi gani. Malalamiko yapokewe kwa barua ya mkono. Na mwenye kupima, ikiwezekana, asiwe mwenye mtambo; nalo hili la mwisho najua litapigwa vita kuliko yote, maana ndiko iliko fedha.

Mjomba hajaitupa karatasi ile. Ameiweka katika kopo la biskuti pamoja na hati ya shamba na cheti chake cha ndoa, kwa kuwa ni karatasi aliyoilipia fedha nyingi kuliko zote mbili. Nilipomzuru mwezi wa Shaabani nikamwomba niitazame. Chini ya ukurasa wa pili pana muhuri wa kampuni, wa rangi ya zambarau, na juu ya muhuri sahihi iliyopindwa kama mkia wa nguru. Jina la mtu halimo, wala namba. "Mpwa wangu," akaniambia, akiikunja upya katika mikunjo yake ile ile, "ukimpata huyu mwenye mkono huu, mwambie fedha zangu nimemwachia. Aje tu, nimtekee kikombe kimoja, anywe."